Fortunée Mwepu, Aliyeirudisha Siku ya Utetezi Wake

Wazazi, ndugu, waumini wa parokia, wenzake wa chuo, na ninyi wa sokoni mliofunika meza zenu asubuhi hii: tunamsindikiza Fortunée Kisimba Mwepu, ambaye katika miaka thelathini na miwili hakuwahi kukalia kiti kimoja mpaka kikapata joto.

Alizaliwa hapa Likasi, mtaa wa Kikula, tarehe 14 Machi 1993, mtoto wa pili wa marehemu Stanislas Mwepu, mchomeleaji wa kiwandani Shituru, na mama Simone Kapinga, muuza vitenge. Mama Simone husimulia kwamba mtoto alifika kabla mkunga hajanawa mikono. Hajatimiza mwaka, vidole vyake vikavimba, akawa analia bila kunyamazika, na daktari akawaeleza wazazi kwamba damu yake ina selimundu, ugonjwa ambao hapa kila nyumba inauita SS. Majirani walimshauri Simone asimsumbue mtoto na shule, kwa kuwa watoto wa namna hiyo hawadumu. Simone aliwashukuru kwa kumtembelea, kisha akaenda kununua sare.

Stanislas alipopata mshahara alikuwa na desturi ya kununua samaki wa ziwa Tshangalele, na siku moja, Fortunée akiwa darasa la pili, aligoma kula. Si kwamba fungu lake lilikuwa dogo. Lilikuwa kubwa kuliko yote. Alikuwa anamwangalia kaka yake, Déogratias, akiangalia sahani yake. Baba akamwambia ale, samaki anapoa. Mtoto akataka samaki akatwe upya, na Déogratias awe wa kwanza kuchagua. Samaki alipoa, lakini alikatwa upya.

Alisoma shule ya msingi Kikula kuanzia 1999 hadi 2005, kisha akapelekwa Mulungwishi, alikobaki bwenini mpaka alipopata diploma ya taifa mwaka 2011, mchepuo wa hisabati na fizikia. Walimu wake wanamkumbuka kwa vitu viwili: chupa ya maji ambayo hakuiacha, kwa amri ya daktari, na tabia ya kusimama katikati ya somo na kwenda dirishani, kama mtu anayetazama gari lake limefika wapi. Maumivu yalipomshika alipelekwa nyumbani, na alirudi na mazoezi yote yakiwa yamefanywa, pamoja na yale ambayo mwalimu hakuwa ameyatoa.

Huko Lubumbashi alianza na hisabati, akapata shahada ya licence mwaka 2016. Wengine wangetulia. Yeye akahamia kwenye kompyuta, halafu akaanza kuhudhuria masomo ya uchumi bila kuandikishwa, akikaa nyuma karibu na mlango. Mwaka 2019 aliandikishwa kwa udaktari, na mwaka 2021 alikaa Yaoundé miezi sita, akarudi akijua kupika ndole, mboga yao ya majani, na akilalamika kwamba huko mvua haikatiki.

Swali lake lilikuwa moja tu. Watu wengi wanapogawana kitu kisichofanana, kama viwanja, zamu au meza za soko, je, inawezekana kila mmoja apate fungu lake asitamani la mwenzake? Hisabati ilitakiwa kuthibitisha kwamba mgawo huo upo. Kompyuta ilitakiwa kuutafuta kabla watu hawajachoka kusubiri. Uchumi ulitakiwa kujibu kama watu, wakiulizwa wanachotaka, watasema kweli. Kwa muda mrefu swali hilo halikupata nyumba. Watu wa hisabati walimwambia ni uchumi, wachumi wakamwambia ni kompyuta, na watu wa kompyuta wakamuuliza kama anaweza kuwatengenezea printa. Aliitengeneza, kisha akaendelea kutembea kati ya milango mitatu mpaka Profesa Évariste Lumbu, mwanahisabati, alipomwambia aingie na afunge nyuma yake.

Ndoa yake ilianza kwa namna yake. Étienne Kabamba, fundi umeme wa mtaa wa Panda, alipokuja kujitambulisha mwaka 2017 na wazee wake na soda zake, Fortunée alitoka chumbani na kumuuliza mbele ya wote kama amekwisha kupima damu. Wazee walishtuka. Étienne alitia mkono mfukoni akatoa cheti: AA, damu isiyo na SS hata moja. Walifunga ndoa tarehe 11 Agosti 2018, na tarehe 3 Mei 2020 Mungu aliwapa binti, Mimi, mwenye afya njema na miguu isiyotulia.

Mwishoni mwa mwaka 2024 upepo uling'oa paa la hangari moja, banda la wauzaji, sokoni. Lilipojengwa upya, wafanyabiashara walianza kugombania nafasi, na mama Simone, ambaye meza yake ilikuwa humo, akawaambia kwamba nyumbani kwake kuna mtu anayesomea mambo hayo. Mwezi wa Februari, 2025, Fortunée alimuuliza kila mmoja nafasi anazozipenda, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, akaiachia mashine ipange. Tarehe ya kutetea tasnifu ilikwisha kutangazwa: 24 Aprili. Hangari lilikuwa liwe mfano wake wa kupendeza katika sura ya mwisho.

Siku ya kugawa, kila mtu alikwenda kusimama kwenye meza yake. Damas, mshonaji, alipewa ile aliyoiomba ya kwanza, karibu na lango, penye mwangaza. Alitandaza kitambaa, akainua macho, akaanza kukikunja. Upande wa pili wa kijia, uso kwa uso, amesimama mama Clotilde na makayabu yake, samaki wa chumvi. Ni mama mkwe wake.

Fortunée alimkumbusha kwamba hiyo ndiyo nafasi aliyoitaka kuliko zote.

"Niliitaka mbele mama-mukwe hajaikala pale," Damas alimjibu. "Sasa nitapima mwanamuke kiuno, mama ya bibi yangu iko naniangalia?"

Hangari zima lilicheka, na mama Clotilde, aliyejifunika uso kwa kitenge, alisema kutoka ndani ya kitenge kwamba hata yeye pale hapataki, kwani atakula saa ngapi. Fortunée alicheka kuliko wote. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai wakitazamana, wala mmoja hali mbele ya mwingine. Alikuwa akilijua hilo tangu utotoni. Mumewe mwenyewe akimwona Simone njiani huvuka upande wa pili. Lakini alipofika nyumbani kicheko kiliisha. Uthibitisho wake wote ulisimama juu ya sharti moja: kwamba mtu anapotaka nafasi, anaitazama nafasi yenyewe, si anayekaa mbele yake. Aliliandika sharti hilo katika ukurasa wa kwanza kama jambo lisilohitaji maelezo, yeye mtoto wa Kikula.

Profesa Évariste hakuona msiba. Alimwambia kwamba tasnifu ni ya kweli kama ilivyoandikwa, kwamba sentensi moja kuhusu mipaka ya kazi ingetosha, na kwamba yeye mwenyewe alipata udaktari kwa sentensi za namna hiyo. Alikuwa anasema kwa upendo. Alikuwa anaijua hali ya afya yake.

"Ku karatasi iko kweli, Professeur," Fortunée akamjibu. "Lakini miye niliandika kama ni juu ya bantu, hapana juu ya meza."

Katikati ya Machi maumivu yalimrudisha hospitali, kifuani safari hii, na kila mtu nyumbani akaelewa kwamba muda si mwingi. Ndipo Fortunée alipoomba kompyuta, akaandika kuiomba fakulte iondoe tarehe ya Aprili. Baba yake mdogo, Albert, aliyekwisha kuchagua kitenge cha sherehe, alikuja kumuuliza kama dawa zimempanda kichwani. Mama Simone alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ukuwe docteur kwanza," alimwambia. "Kukosoa, utakosoa nyuma."

Fortunée alisema kwamba wakishampa hicho cheo hakuna atakayemuuliza tena juu ya kosa lile. Mama yake aliondoka bila kuaga, na kwa juma zima chakula kililetwa na Étienne.

Aliporuhusiwa kutoka alifanya kazi kama mtu aliyechelewa treni. Alifanyia kazi kitandani, jikoni, kwenye ngazi ya mlango, Étienne akimfuata na waya wa umeme kila alikohamia. Alibadili mwanzo wa yote: kabla ya kumuuliza mtu anataka nafasi gani, anamuuliza pembeni ni nani asiyeweza kukaa akitazamana naye. Kwa swali hilo moja hisabati yote ikawa nzito. Hakuweza tena kuahidi kwamba hakuna atakayetamani fungu la mwenzake. Aliweza kuthibitisha ahadi ndogo zaidi: kwamba hakuna atakayekalishwa mahali pa aibu, na kwamba wivu unaobaki hauwezi kupita kipimo fulani. Alisikitika kwa siku chache kuipoteza ahadi kubwa. Kisha akasema kwamba ile kubwa haikuwahi kuwa yake.

Mwezi wa Julai hangari liligawiwa upya. Damas alipata meza ya ndani zaidi, akaja kulalamika kwamba haoni tundu la sindano. Fortunée alirudi nyumbani anang'aa.

"Analalamika juu ya mwangaza," alimwambia Étienne. "Mwangaza najua kuuhesabu."

Tasnifu mpya ilipelekwa mwezi wa Agosti. Profesa Évariste aliisoma, akapanga utetezi ufanyike tarehe 16 Oktoba, 2025. Tarehe 1 Septemba maumivu ya kifua yalirudi. Madaktari na wauguzi walifanya yote waliyoweza, nasi tunawashukuru. Fortunée alifariki tarehe 5 Septemba, saa nne asubuhi, mume wake na mama yake wakiwa wamemshika, mmoja kila mkono.

Hapo kilioni, juzi, pakazuka swali la msalaba. Albert alitaka paandikwe *Docteur*. Alisema kazi imekwisha, profesa mwenyewe ameikubali, na watu hawataelewa miaka yote ile iishie kwenye jina tupu. Profesa Évariste, aliyekuja kutoka Lubumbashi, alisema kwa upande wake hatapinga, na kwamba ataomba fakulte impe cheo hicho hata sasa. Wote wakamgeukia mama Simone, ambaye hakuna aliyekitaka cheo hicho kuliko yeye.

Simone alisema kwamba siku ile ya Machi, alipokwisha kutoka chumbani kwa hasira, alirudi mpaka mlangoni. Alimuuliza mwanawe swali ambalo hakuwa amemwambia mtu mpaka hiyo juzi: itakuwaje akifa kabla ya siku yenyewe.

"Akaniambia: basi nitakufa mwanafunzi, mama. Akasema vile anachekelea, kama muntu wa kukosea bus na kuona iko karibu ya kufika kwa miguu." Alimtazama Albert. "Muandike vile alisema."

Aliyechora msalaba aliuliza mara mbili kama ndivyo kweli. Mtausoma tukifika: *Fortunée Kisimba Mwepu, 1993–2025, Mwanafunzi.* Kazi yake itasomwa mbele ya baraza tarehe 16 Oktoba na Profesa Évariste, na watakachoamua ni chao.

Ameacha mume, Étienne Kabamba, binti, Mimi, mama mzazi, Simone Kapinga, kaka, Déogratias, na mdogo wake, Sephora, baba mdogo, Albert Mwepu, wajomba na shangazi wa Likasi, Lubumbashi na Kolwezi, na hangari zima la soko.

Fortunée, Bwana akupe kule pumziko ambalo wewe mwenyewe hukuwahi kujipa hapa. Na ukishindwa kukaa, akuache utembee.