Maximilla na Upawa wa Kuhesabia Watoto

Dada yetu Maximilla Ndayikeza alizaliwa tarehe 9 Februari 1953 mkoani Ruyigi, Burundi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Ndihokubwayo na mama Esteri. Walizaliwa sita. Wa mwisho ni Tharsisi, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu.

Alisoma miaka mitatu katika shule ya misheni, kisha akaachishwa ili alee wadogo zake. Mwaka 1972, vita vilipotutimua, yeye alikuwa na miaka kumi na tisa na mimi sita. Alichana kanga yake, akafunga kifundo changu cha mkono pamoja na chake, na hivyo ndivyo tulivyovuka mto Malagarasi kuingia Tanzania. Nililia kwamba kamba inaniuma. Akaniambia nilie tu, ila nitembee. Aliifungua tulipofika Busunzu, na alama yake ilikaa mkononi mwangu karibu mwezi mzima.

Hapa Busunzu alijiunga na kisomo cha watu wazima, akajua kusoma na kuandika Kiswahili. Mwalimu wake, marehemu sasa, alipenda kusimulia kwamba Maximilla alikataa kusoma sentensi ya ubaoni iliyosema mama anapika na mtoto anacheza. Alitaka kwanza aambiwe mtoto huyo anacheza wapi, na nani anamwangalia.

Tarehe 18 Agosti 1974 alifunga ndoa na Kipriani Ndayiragije, fundi wa matofali. Mungu aliwajalia watoto watano, na wawili kati yao walitangulia mbele ya haki. Shemeji Kipriani alifariki mwaka 2004. Tangu hapo dada aliendesha mji wake kwa jembe, akilima maharage na muhogo na kuuza Kibondo mjini.

Kigangoni kwetu alipika chakula cha watoto wa mafundisho kwa miaka kumi na tisa. Wengi mliopo hapa mmepita chini ya upawa wake. Hakupakua kabla ya kuwagusa watoto vichwani kwa upawa huo, mmoja mmoja, akihesabu kwa Kiha. Akikosekana mmoja, sufuria ilifunikwa na wote mkasubiri. Abbasi, jirani yetu mwenye duka, alikuwa akija kujipanga mstarini makusudi, na kichwa chake chenye upara kikahesabiwa pamoja na vya watoto. Naye alipewa maharage.

Sasa nafika mwaka 2013. Katika ratiba ya mazishi haya iliyopelekwa kuchapwa Kasulu, familia ilikubaliana iwe sentensi moja tu: "Mwaka 2013 alipatwa na pigo la kupotelewa na mjukuu." Niliiandika. Kisha nikampigia mchapaji nikaomba aitoe, na haya ndiyo niliyoyaweka mahali pake.

Mjukuu huyo ni Esteri, mtoto wa Generoza, binti wa marehemu anayeshona nguo Kasulu. Alikuwa na miaka minne na aliishi kwa bibi yake. Siku ya Jumanne, tarehe 10 Septemba 2013, dada alishuka mtoni kuloweka muhogo. Hakumwacha mtoto peke yake. Alimkabidhi kwa Nduwayezu, mtu mzima, baba wa watoto, Mrundi aliyekuwa akitulimia shamba kama ambavyo Warundi wametulimia sisi sote hapa kila msimu. Saa sita mchana Nduwayezu alimwona mtoto akiondoka shambani. Alidhani anarudi kwa bibi. Lakini hakushika njia ya mtoni, alishika ile inayotokea barabara kuu ya Kasulu. Dada aliporudi, Nduwayezu alimweleza yote hayo, akamwonyesha na njia yenyewe kwa mkono.

Mnakumbuka mwezi ule ulivyokuwa. Msako wa wahamiaji haramu ulikuwa umepamba moto, na aliyekutwa na mtu asiye na kibali alikuwa na kesi. Ndugu mmoja wa familia ndiye aliyemleta Nduwayezu na kumpa pa kulala. Karatasi za uraia za ndugu huyo zilikuwa bado hazijatoka. Aliogopa kurudishwa alikotoka akiwa na miaka sita. Akamwondoa Nduwayezu kabla jua halijazama, kisha akaenda kwa dada.

"Ukimtaja Nduwayezu tumekwisha wote," alimwambia. "Sema mtoto alibaki nyumbani."

Dada akamwangalia. "Kwa hiyo niseme nilimwacha peke yake?"

"Sema hivyo."

Ndugu huyo ni mimi.

Polisi walikuja asubuhi, wakiongozwa na Afande Haidari. Waliomba picha. Picha pekee iliyokuwepo ni ya ubatizo, Esteri akiwa na miezi mitatu, amefumba macho. Walitafuta kwa siku tatu, pamoja na wanakijiji zaidi ya mia, kuzunguka nyumba na kando ya mto, kwa sababu ndiko tulikowaelekeza. Walimwaga maji ya mashimo yote ya muhogo. Waliingia kwenye mashimo ya matofali ya marehemu shemeji. Mimi nilikuwa mstarini na fimbo yangu, nikipekua majani mahali nilipojua kabisa kwamba mtoto hakupita. Sijui hata leo niliwezaje.

Ijumaa jioni ikanyesha mvua ya kwanza. Jumamosi dada hakuniambia kitu. Alitembea mwenyewe hadi kituoni akasema ukweli, isipokuwa jina langu. Alisema kibarua ni wake na uongo ni wake. Mbwa wa polisi aliletwa na kupelekwa kwenye ile njia, akazunguka-zunguka na kulala chini, maana mvua ilikuwa imefuta kila kitu. Afande Haidari aliuliza madereva na wapiga debe hadi Kasulu na kurudi. Alisema mbele yetu kwamba angepewa habari ile siku ya kwanza, angeanzia barabarani. Jalada halijafungwa. Esteri hajaonekana.

Dada alilala mahabusu siku mbili kwa kumhifadhi mtu asiye na kibali. Nilimpelekea uji, akaunywa, akanirudishia chupa.

Ukweli ulibaki kituoni, na kijijini likabaki neno la kwanza, lile langu: bibi aliyemwacha mtoto peke yake. Aliitwa hivyo sokoni. Kigangoni akavuliwa upawa, na kamati iliyoamua hivyo nami nilikuwemo. Generoza hakusema na mama yake tangu wiki ile. Dada hakumjibu mtu. Kila Krismasi alikwenda dukani kwa Abbasi, akampima binti yake Firdausi aliyelingana umri na Esteri, akashonesha gauni kwa kipimo hicho. Yako mawili. Na mwaka huu, wakimbizi wapya walipoanza kuingia kutoka Burundi, alikwenda mara tatu kambini Nyarugusu kumtafuta Nduwayezu. Alisema anataka amwonyeshe tena ile njia, na amwombe radhi.

Mwezi Agosti miguu yake ilianza kuvimba. Hospitalini walisema ni figo. Nilimuuguza mimi. Siku moja nilimwambia nataka nimweleze Generoza kila kitu.

"Ngoja kwanza niende," akasema. "Mimi mama yake ameshanikosa. Akimkosa na mjomba, atabaki na nani?"

Nilingoja. Hata hapo nilishukuru kwamba ameniruhusu kungoja, na aibu hiyo pia ni yangu. Aliaga dunia Jumatano, tarehe 18 Novemba 2015, saa kumi alasiri. Kiganja chake kilikuwa kimeshika kifundo changu, nami ndiye niliyekifungua.

Generoza, mwanangu, mama yako hakukosea. Unayemdai ni mimi. Afande Haidari yupo hapa leo kwa ombi langu, na tukitoka makaburini nitafuatana naye kuandikisha maelezo.

Marehemu ameacha watoto watatu, mdogo mmoja ambaye hakustahili kushikwa mkono namna ile, na wajukuu saba. Nimewahesabu wote kama alivyohesabu yeye. Wa saba ni Esteri, mwenye miaka sita sasa, popote alipo, ambaye siku ile bibi yake hakumwacha peke yake.

Mungu ampokee Maximilla, na ampe pumziko ambalo mimi nilimnyima.