Kikombe cha Pili

Kitendawili! Mgeni wangu namwandalia kila asubuhi, hanywi chai yangu, na akiondoka mimi ndiye niliyeshiba. Usinipe mji kwanza, sikiliza.

Bi Sikuzani, muuza vitenge, alikuwa kwenye foleni ya basi la Kanyosha. Siku hizi mafuta ni ya kutafuta, na foleni ndefu huzaa maneno. Mbele yake alisimama Esperance, mkimbizi kutoka Uvira, ambaye hakumjua kabla ya asubuhi ile.

"Mama, naishi peke yangu, na kichwa changu kilivurugika," Esperance alisema. "Upepo ukibamiza mlango, mi mbio mpaka barabarani. Sasa kila asubuhi nazima redio, nakaa kwenye mkeka, namimina chai vikombe viwili, napumua polepole mpaka ipoe. Halafu naenda kazini mutu muzima."

"Viwili? Si umesema unaishi peke yako?" Sikuzani alirudi nyuma, ushungi ukamwanguka. "Astaghfirullah! Cha pili cha nani? Binti, unafuga jini?"

"Apana, mama. Jini angekunywa."

Foleni nzima ikacheka. Sikuzani akaufunga tena ushungi wake. "Basi cha marehemu wako?"

"Apana."

"Sasa cha nani, we mutoto?"

Basi likafunga breki, foleni ikavunjika, kila mtu na viwiko vyake. Esperance alikuwa ameshaweka mguu mlangoni alipogeuka.

"Cha yule aliyechoma nyumba yangu," alisema. "Zamani nilikuwa nakirusha ukutani. Leo nimekimimina, mama, na mukono haukutetemeka."