Ubani wa Khoan

Kijiwe cha Mama Luyen kina meza moja isiyofika magotini, viti vya plastiki ambavyo ukivikalia ni kama umechuchumaa, birika kubwa la chai, na ndoo ya barafu iliyofunikwa gunia. Kiko Hanoi, pale uchochoro unapotokea kwenye njia ya reli, na wenyewe wanaamini hakuna jambo la dunia hii ambalo halijaamuliwa pale. Asubuhi hiyo ilikuwa tarehe tano ya mwezi wa tano kwa kalenda ya mwezi mwandamo, siku ya kuua wadudu wa tumboni. Kila nyumba ilikuwa imeamka ikala wali wa kunata uliochachushwa, na juu yake matunda, plamu na lichi, ili wadudu walewe kwanza ndipo wafe, na mtu aingie majira ya joto akiwa mpya ndani. Jua lilikuwa limeshakuwa kali na nyenje wanapiga kelele mitini. Thuat, fundi cherehani, alifika akiwa amebandika kifuani kipande cha kitambaa cheusi cha msiba, alichokikata na kukikunja kingo kwa mkono wake mwenyewe. Wote walikiona. Wakarudi kwenye glasi zao.

— Umekula wali wako, mdogo wangu? — aliuliza Mama Luyen akimmiminia chai.

— Nimekula, dada.

— Tumbo tupu?

— Tupu kabisa.

— Basi ikifika mchana utakuwa mtu mwingine.

Thuat alikuwa ameshaamua kuwa mtu mwingine tangu alfajiri. Alikuja na neno moja, na neno hilo lilikuwa zito kuliko wali. Khoan, fundi feni wa uchochoro huo, alikuwa amefariki, na Jumapili ingekuwa siku yake ya mia tangu afe. Ndugu zake walikuwa wamechukua picha yake na bakuli lake la ubani wakavipeleka kijijini kwao, na kule chumbani walikoishi Khoan na Thuat tangu ujana, Thuat hakubaki na pa kumwashia hata kijiti kimoja cha ubani. Dawa yake ipo, na kila mtu anaijua: unakwenda mbele ya bakuli la kwao marehemu, unaomba vijiti vichache vilivyokwisha kuungua, unavipanda kwenye bakuli la kwako, na hapo marehemu anakuwa amefika nyumbani. Ila huendi kuomba peke yako. Unakwenda na mkubwa wa kukusemea. Thuat alikuwa amekanwa na baba yake zamani, wajomba wakafuata mkumbo, na mkubwa pekee aliyebaki naye duniani alikuwa Mzee Redio, aliyekuwa amekaa hapo mbele yake akinyonya kokwa ya plamu, redio yake ndogo ikiwa mezani.

— Mzee, — alianza Thuat, — nilikuwa nataka...

— Ngoja kwanza! — alisema Mzee Redio. Huyu alistaafu ukaguzi wa tiketi za treni, sasa anakagua habari za dunia nzima. — Mmesikia ya leo? Vijana wetu wanakusanya tena saini. Wanataka sheria ya ndoa ibadilishwe, mwanamume aoe mwanamume, mwanamke na mwanamke mwenzake. Wanasema Bangkok wameshaanza, huku kwetu tunangoja nini?

— Chanzo chao ni joto, hao, — alisema Daktari Mafuta. Udaktari hajausomea hata siku moja, anauza mafuta ya kuchua. — Chukua ramani. Ukishuka kusini, joto. Bangkok, joto zaidi. Joto likizidi damu inakuwa nyepesi, mtu hachagui tena.

— Acha zako, Daktari! — alidakia Kocha, mwendesha pikipiki ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote. — Jana nimewaona wasichana wawili kituoni, wametoka milimani kwenye baridi kali, na wameshikana mikono hivi.

— Joto liliwakuta njiani.

— We bwana! Basi na mimi ninayeshinda juani kutwa nzima?

— Wewe damu yako ilishakuwa supu zamani.

Mama Luyen alicheka hadi kifuniko cha birika kikamdondoka. Thuat naye alitabasamu, maana ukikaa kijiweni bila kutabasamu watu wanaanza kukutazama.

— Hamjui kitu, — alisema Kocha. — Fuateni pesa. Vijana hawataki kuoa siku hizi, sivyo? Wenye mahema ya harusi wanalia, wapishi wanalia, wapiga picha wanalia. Wakakaa kikao. Wakasema, jamani, wateja tuliobakiwa nao ni hawa ambao hawajaruhusiwa. Ndiyo hiyo.

— Hata, hata, — Mzee Redio alitikisa kidole. — Hiyo ni hesabu ya muuza duka. Hili jambo ni la mataifa. Bangkok wanatafuta nini? Wakwe! Vijana wetu watakwenda kuolewa kule, watarudi na wenzao, kesho kutwa nusu ya mji ni wakwe zao. Na mkwe utamfungaje mabao matatu?

Kocha aliruka nusura apindue meza.

— Mpira! Kumbe ni mpira! Ndiyo maana yule beki wao alimkumbatia straika wetu kipindi kizima! Nikasema mimi, huyu anakaba au anaposa?

— Umeona sasa.

— Mzee, wewe ungekuwa waziri.

Thuat alishika glasi kwa mikono yote miwili. Alingoja kicheko kitulie apenyeze neno lake, lakini Daktari alikuwa ameshashika zamu, akisema kwamba ukichunguza sana utakuta ni dawa wanayopulizia lichi, inaingia kwa ganda, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuona majogoo wawili wa jirani yake, baada ya kula maganda, wakilala tundu moja bila kupigana.

— Wizara ya afya ilishatangaza, — alisema Mzee Redio kwa upole, — si ugonjwa.

— Kama si ugonjwa, basi hata mafuta yangu siwauzii, — alisema Daktari. — Hasara yangu.

— Mimi sina neno nao, — alisema Mama Luyen akiponda barafu. — Watoto safi, wana adabu, hawakopi. Tena wacheshi. Ila Mungu anisamehe, wasitokee nyumbani kwangu.

Hilo lilimchoma Thuat kuliko majogoo na beki. Mama Luyen ndiye aliyemletea uji kila asubuhi baada ya mazishi, na aliketi mlangoni mpaka aone bakuli limekwisha. Si watu wabaya hawa, na hapo ndipo uchungu wote ulipo, maana mtu mbaya unamnunia ukamaliza. Hawa walikuwa wamekunywa chai na Khoan miaka yote hiyo. Feni zao zote zilipita mikononi mwake. Siku ya mazishi walichanga wakanunua shada kubwa la maua lenye utepe wa jina la kijiwe, na walipomwona Thuat amesimama ukutani peke yake, wakati dada mkubwa wa Khoan anagawa vitambaa vyeupe vya kichwani kwa wafiwa na kumruka, Kocha alimvuta mkono akamwingiza kwenye mstari wao. Njoo, ndugu yetu, simama na sisi. Walifanya kwa wema kabisa. Thuat alipita mbele ya jeneza la mtu wake nyuma ya shada la wanywa chai, akainama kama walivyoinama wao, akatoka na wao, na usiku wake alitamani wangemwacha pale ukutani.

— Mzee, — alisema sasa, kwa sauti ambayo hata yeye aliishangaa. — Jumapili ni siku ya mia ya Khoan. Nataka kwenda kwao kuomba vijiti vya ubani. Naomba unisindikize, unisemee.

Kicheko kilikatika. Mzee Redio alitema kokwa kwenye kiganja.

— Vijiti? — alisema. — Vya nini, mdogo wangu?

— Nivipande nyumbani. Awe na mahali.

— Ana mahali tayari. Kwao.

— Kwao na kwake.

Daktari alikohoa. Kocha alisema haraka haraka, kama mtu anayetaka kumwokoa mwenzake na aibu:

— Sikia, kaka. Unapaka chumba rangi, eh? Unapata mpangaji mwingine, kijana mchangamfu, mnasaidiana kodi. Wiki mbili umekuwa mpya. Ndiyo maana ya siku ya leo, kusafisha ndani.

— Na ubani unaweza kuwasha popote, — alisema Daktari. — Hata hapa nje. Moshi hauulizi njia.

— Si hivyo, — alisema Mzee Redio, na safari hii alikuwa anamtazama Thuat machoni, kwa huruma. — Mimi sikatai, mdogo wangu. Ila nikifika kule, yule dada yake ananikaribisha, ananipa chai, ananiuliza, mzee, unamwombea nani? Huwa anaomba mtoto. Anaomba ndugu. Mke aliyeondoka kwa wakwe anaomba. Mimi nitasema nini?

— Sema kweli, mzee.

— Kweli gani?

Neno lilikuwa limefika mdomoni, na watu wanne waliokuwa wanalijua walikuwa wanamwomba kwa macho yao asiliteme. Aliona wazi kwamba walikuwa wanalijua. Walilijua tangu zamani, labda kabla hata yeye na Khoan hawajalijua vizuri. Alikunywa chai yote kwa mkupuo, na aliona aibu, na aibu yenyewe ikamkasirisha.

Mwanamke muuza lichi alikuwa anapita na baiskeli yake, vikapu viwili ubavuni. Aliiegemeza ukutani, akavuta kiti bila kuuliza, akaomba chai yenye barafu nyingi. Alikuwa mtu wa mbali, lafudhi yake ya shamba. Alifuta jasho, akanywa, halafu akaona kile kitambaa.

— Eh, pole, kaka, — alisema. — Umefiwa na nani?

— Na rafiki, — alijibu Mzee Redio.

— Mwenzake wa chumba, — alisema Kocha, sauti zao zikigongana.

— Mwenzetu wa hapa hapa kijiweni, — alisema Mama Luyen. — Sote tumefiwa.

Mwanamke aliwatazama mmoja mmoja. Wao hawakuwa na kitambaa cheusi.

— Mimi nimemuuliza yeye, — alisema.

Thuat aliweka glasi mezani.

— Mume wangu, — alisema.

Halikuwa neno kubwa kumbe. Lilitoka likakaa pale katikati ya maganda ya plamu, na mbingu hazikuanguka. Daktari alikuwa anazitazama chupa zake za mafuta. Mama Luyen alibaki na nyundo ya barafu hewani, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Muuza lichi aliinamisha kichwa, kama anavyoinamishiwa mjane yeyote.

— Pole sana, kaka. Mume ni mtu. Wangu alikwenda mwaka juzi, mpaka leo nawasha ubani nikimsimulia bei za sokoni. Siku ya mia mmeshafanya?

— Jumapili. Kijijini kwao. Nakwenda kuomba vijiti.

— Ndiyo, lazima uombe. Usikae naye mbali. — Aligeuka kwa wengine, mchangamfu, kama mtu anayeuliza jambo ambalo jibu lake liko wazi. — Na nani anakwenda naye?

Mzee Redio alisogeza antena ya redio yake, akairudisha ilipokuwa. Kocha alikuwa ameshashika funguo za pikipiki. Mama Luyen aliinua birika amwongezee mgeni, likatoa matone machache ya majani, akaliinamisha zaidi, halikutoa kitu. Thuat hakumtazama yeyote. Alitazama mikono yake, ili wasilazimike kukwepa macho yake.

Muuza lichi alidhani labda kelele za barabarani zilimeza sauti yake. Akasogeza kiti karibu na meza, akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi.