Ngamia Walioonja Bustani Yangu

Asalamu aleikum, akina mama. Mlio nyuma sogeeni mbele, sauti yangu haijarudi vizuri tangu niliposhindana kelele na ngamia. Mwenyekiti wa kikundi chetu amesema nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka, na nisitaje jina la mtu. Sitataja. Lakini kuna mtu amekaa hapa mbele, amefunga mtandio wa kijani. Akianza kukohoa mjue nimefika kwake.

Mume wangu analima nyanya na vitunguu kando ya mto Tana. Mimi nilimwomba kona moja tu ya shamba nipande maua ya kukata, niuze mashada kwa maharusi. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Maua? Garissa hii? Nani atayala?"

Nikamwambia watu watayatazama. Akasema kama ni kutazama, mwezi upo na ni wa bure. Lakini ni mtu mwema, akanipa kona. Akaweka sharti mbele ya mama yake: Idd ikifika sijauza hata shada moja, kona inarudi kwa nyanya, na habari ya maua isisikike tena nyumbani kwake. Ndugu zangu, nawaambia, mtu kama mimi kuambiwa ninyamaze ni zaidi ya jela.

Nikapanda alizeti ndogo za mapambo, na zinia, yale maua ya rangi rangi yasiyoogopa jua letu. Dawa ya duka sikutia hata tone. Nilikuwa namwona mume wangu akitoka kupiga dawa nyanya, macho mekundu, kifua kimembana, na watoto wanamrukia na nguo zile zile. Nikasema kwangu hapana. Mbolea yangu ilikuwa samadi ya mbuzi. Dawa yangu ilikuwa majani ya mwarobaini, nayatwanga, nayaloweka, nachanganya na pilipili na kitunguu saumu. Nikinyunyiza asubuhi wapita njia wanauliza pilau ni ya nani. Na nilijisifu, wallahi! Sokoni, kliniki, kwenye matanga ya watu: shamba langu halina sumu, hata mtoto akila ua hadhuriki. Mpaka wengine wenu mkawa mnavuka barabara mkiniona. Nawajua.

Sasa, uzio. Bustani iko pembeni ya malka, ile njia ambayo mifugo inashukia mtoni kunywa maji. Kila mtu aliniambia weka miiba. Mimi ni mtoto wa mjini, baba yangu aliuza vitambaa, mifugo niliijua kwenye sahani. Nikakata matawi ya mgunga, mabichi, yenye majani ya kijani mazuri, kwa sababu nilitaka hata uzio wangu upendeze. Naona wenye ngamia mmeshaanza kucheka. Ndiyo, chekeni tu. Nilizungushia bustani yangu chakula cha ngamia.

Basi asubuhi moja, Idd imekaribia na maharusi wameshaanza kuniulizia, nikafika na ndoo zangu tayari kwa kukata. Ngamia wako ndani. Walianza na uzio, wakaumaliza, halafu wakaingia kwenye maua bila haraka, kama wageni walioalikwa. Mmoja alikuwa na alizeti mdomoni, kichwa cha ua kinaning'inia, ananitazama usoni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Hakusogea. Alimeza.

Na ngamia hao ni wa nani? Ni wa eedo, shangazi wa mume wangu, mwanamke ambaye hata mume wangu akimwona anashusha macho. Haya, mmesikia amekohoa? Nilirudi nyumbani, nikamkuta amekaa kwenye mkeka wangu, anangoja chai yangu. Ningefanya nini? Nikabandika sufuria, machozi yanadondokea humo humo. Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo siwezi kuyasema mbele ya watu waliotawadha. Nikayameza, nikamtilia sukari. Akanywa, akashusha pumzi.

"Eedo," akaniambia, maana kwetu shangazi naye anakuita hivyo hivyo, "ngamia wangu leo wameshiba vizuri. Ulipanda nini pale?"

Mume wangu alikwenda kutazama. Aliporudi hakucheka. Alisema, "Pole. Nitaagiza mbegu za nyanya." Hiyo pole iliniuma kuliko kicheko chake chote. Nikaacha kwenda sokoni. Nikaacha kuja hata hapa kwenye kikundi, mkawa mnatuma watu kuniuliza kama nina malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa na aibu.

Mama mkwe ndiye aliyeniinua. Alikuja nilipolala, akanivuta shuka. "Mifugo ikila shamba la mtu, wazee wanakaa, fidia inaamuliwa. Peleka kesi."

"Mama, ni shangazi!"

"Kwani shangazi si mtu?"

Wazee wakakaa barazani kwa mmoja wao. Nyumba hiyo ilikuwa na pilikapilika, binti yao alikuwa anaolewa wiki ile. Mzee wa kwanza akaniuliza, "Hayo maua yanaliwa?"

"Hapana, adeer." Ndivyo tunavyomwita mzee, baba mdogo.

"Ni dawa?"

"Hapana."

"Basi yanafanya kazi gani?"

"Yanatazamwa."

"Halafu?"

"Halafu yananyauka."

Akawageukia wenzake. "Kwa hiyo ngamia wamefupisha safari tu." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Shangazi alipopewa nafasi, alisema mimi mwenyewe nilitangaza mji mzima kwamba shamba langu halina sumu, na ngamia wake wana masikio. Wakacheka tena. Akina mama, nilitamani ardhi inimeze.

Wakataka kuona hicho kitu kinachodaiwa. Nilikuwa na ndoo moja ya zinia kutoka upande ambao ngamia hawakuufikia. Nikaiweka katikati yao. Wakati huo huo bibi harusi akatoka na birika la kuongeza chai. Kuona ile ndoo, akaweka birika chini, akapiga magoti, akazamisha uso wote ndani ya maua. Mama yake akapiga ukelele kutoka mlangoni.

"Toa uso! Yana dawa hayo!"

Hapo hasira yangu yote ikatoka. "Dawa gani? Ngamia wa shangazi wamekula bustani yangu, na wana afya kuliko mimi!"

Shangazi akasimama, akajifunga mtandio vizuri. Nikasema moyoni, leo nimekwisha. Akaelekeza kidole kwenye vikombe vya wazee.

"Ni kweli. Na hiyo chai mnayokunywa ina maziwa ya ngamia hao hao. Nani ameumwa?"

Wazee wakachungulia vikombe. Yule aliyecheka sana akaweka chake chini polepole.

"Kunywa," shangazi akamwambia.

Akanywa.

Bibi harusi akasema anataka haya, hataki yale ya plastiki ya kukodi yaliyohudhuria harusi zote za mji huu, pamoja na ya mama yake. Wazee walipogeuka waendelee na kesi, ndoo haipo. Imeshaingizwa ndani kwa wanawake. Shangazi akawaambia, "Mlisema hayana kazi. Haya, ingieni mkayarudishe." Hakuna mzee aliyesogeza hata kidole. Basi nikalipwa ile ndoo palepale, katikati ya kesi, kabla ya Idd! Na shangazi akaamriwa anijengee uzio wa miiba mikavu na kunipa samadi ya zizi lake msimu mzima. Alikubali kabla hawajamaliza kusema.

Siku ya harusi, bibi harusi alipopita na zinia zangu mkononi nililia kwa sauti. Wanawake wakanishika, wakidhani namlilia mwali. Mimi nilikuwa nalilia maua yangu.

Baada ya Idd nilimkuta mume wangu shambani na jembe, mpakani mwa kona yangu. Moyo ukanipasuka. Kumbe alikuwa anang'oa nyanya zake. "Hii mistari miwili inakuzuia kupita na ndoo," akasema, bila kunitazama. "Ichukue."

Namshukuru mama mkwe aliyenivuta shuka. Nawashukuru nyinyi mlionitafuta nilipojificha. Na wewe, eedo, nakushukuru hapa mbele ya watu.

Niliyojifunza ni haya. Siku ile ya chai ningemtukana shangazi, ningekuwa na haki yangu yote, na ningebaki nayo peke yangu. Mtu wako akikuumiza, dai. Dai kwa sauti, usiogope. Lakini dai kwa namna ambayo bado anaweza kusimama upande wako. Mimi sikujua kama atasimama. Alisimama.