Mzee Wendelin Kasmiri na Rufaa ya Ijumaa

Baba Paroko, ndugu na majirani: maneno haya yameandikwa na mdogo wake, Beatus, kwa idhini ya familia. Marehemu mwenyewe aliagiza lisifichwe lolote, hasa lile la rufaa.

Wendelin Kasmiri alizaliwa Mahenge tarehe 9 Septemba 1964, mtoto wa kwanza wa Mzee Kasmiri na Mama Valeria. Mwaka 1971 wazazi walihamia Kiberege kufuata mashamba ya mpunga, na huko ndiko alikosoma shule ya msingi, 1973 hadi 1979. Sekondari aliimaliza Ifakara mwaka 1983. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba walimu walimpa vyeti vya wenzake aviandike, na kwa majivuno hayo sisi wadogo zake tulipata tabu.

Tarehe 1 Julai 1986 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika mahakama moja ya hapa bondeni. Alijua kila jalada lilipolala. Mwaka 1998 maji yalipoingia ofisini, alibeba majalada kichwani siku mbili, kisha akayaanika uani kwake kama mpunga, na mkewe akakatazwa kufungulia kuku. Kwa hiyo ulipoletwa mfumo wa kusajili mashauri kwa mtandao, wenzake wakilalamika, yeye alifurahi. "Huu haulowi," alisema. Alijifunza kuchapa, kwa kidole kimoja, akiwa na miaka hamsini na tisa.

Tarehe 12 Oktoba 1991 alifunga ndoa na Agnella. Walijaliwa watoto watatu na waliishi kwa kuelewana, ingawa lile suala la kuku shemeji yetu hakulisahau.

Sasa lile la rufaa. Ijumaa tarehe 19 Aprili 2024, siku ya mwisho kisheria, Bi Justa wa Mkula, mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji yake, alifika masjala saa tisa kasoro na rufaa yake ya karatasi. Kaka alipaswa kuiskani na kuipandisha kwenye mfumo siku ileile, maana tarehe inayohesabika ni ya mfumo. Mkono ukafuata mazoea ya miaka karibu thelathini na minane. Akaigonga muhuri, akaiweka kwenye trei, akamwambia, "Nenda kapumzike mama, imeshaingia."

Haikuwa imeingia. Aliikuta palepale Jumatatu, akaipandisha, lakini mfumo ukaandika tarehe ya siku hiyo. Mwezi Juni rufaa ilitupwa kwa kuchelewa, na shemeji yule akaanza kulima.

Tulimshauri kaka anyamaze. Nakiri, na mimi nilikuwa mmojawapo, kwani alikuwa amebakiza miezi miwili kustaafu. Hakutusikiliza. Alikwenda Mkula akamwomba radhi Bi Justa mbele ya watoto wake, kisha akala kiapo cha maandishi kuunga mkono maombi ya kuongezewa muda, kwamba kosa lilikuwa lake na si la mama yule. Alipewa barua ya onyo. Alistaafu bila hata kuagwa, na hilo lilituuma sana.

Novemba 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu. Kila aliyekwenda kumwona aliulizwa kama uamuzi umetoka. Ulipangwa kusomwa Jumanne tarehe 4 Februari 2025. Jumatatu tarehe 3, saa nne asubuhi, alifariki, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikosa siku moja tu, na tangu juzi sijui nijifariji vipi.

Ameacha mjane, watoto watatu, Kandida, Fredy na Careen, wajukuu watano, mama yetu Valeria, na wadogo zake wanne.

Jana asubuhi Bi Justa hakuonekana msibani, na wapo walionung'unika. Alikuwa mahakamani. Alifika saa nane, mwili ukiwa umeshaletwa nyumbani, akapita moja kwa moja hadi kwenye jeneza na kupiga magoti. Kandida alikuwa ameketi hapo, na aliyasikia maneno yake.

"Mzee Wendelin, wameniongezea muda. Karani ameipandisha rufaa leo hii, nimesimama pale mpaka nikaiona imeingia. Lala sasa, baba."

Nasi tuliobaki tunamwomba Mungu amjalie usingizi huo. Lala kwa amani, kaka.