Shavu la Bluu na Shavu la Uongo

Watu wa Mungu, Bwana apewe sifa! Naitwa Nyambura, nauza vipodozi hapa Ruiru. Leo sijapaka meikapu, mnitazame vizuri.

Ndugu zangu, miaka minne nilijichubua na krimu isiyo na lebo, iliyokorogwa na mama mmoja wa Thika. Mwanzoni niling'aa, nikasifiwa. Kisha mashavu yakaungua, yakajaa mabaka, nikaanza kutembea na barakoa. Na ruracio yangu, siku ya Kamau kuniletea mahari, ilikuwa imebaki miezi mitatu. Niliogopa sana!

Nikasikia habari za peptaidi, zile chembe za protini zinazosaidia ngozi kujijenga. Nikajifanya mtaalamu. Shavu la kushoto nikapaka ya shaba, ile ya bluu. La kulia nikapaka nyingine isiyo na rangi. Wateja wakiuliza ipi kali, nasema ya bluu, bila haya! Kumbe kila asubuhi, chini ya zote mbili, bado napaka krimu ya Thika. Mashavu yote yaliendelea kuungua.

Daktari wa ngozi kule Juja aliniuliza ninapaka nini kingine. Nikadanganya. Hapo Roho alinishika, nikalia, nikaitoa ile krimu ya Thika kwenye mkoba.

"Sasa Nyambura, peptaidi itajenga nini na wewe unabomoa kila asubuhi?" akasema. "Acha hii kwanza, tutibu. Hizo zingine ni za kusaidia tu, tumia ile ambayo ngozi yako inaivumilia."

Kuacha kulikuwa vita. Uso uliwasha, ukawa mweusi zaidi, nikatamani kurudia. Niliomba, nikapaka dawa ya daktari na ya kuzuia jua, nikakataa kurudi!

Siku ya ruracio tulifunikwa leso wanawake sita, Kamau atambue wake. Dada yangu alikuwa amekuja na meikapu nzito. "Ngai! Mungu wangu, Nyambura, utatuaibisha!" akasema. Nikasema zii, sipaki. Kamau akashika mkono wangu, akasema, "Ni huyu." Leso ikatolewa, mabaka yangu yakaonekana mbele ya wakwe wote. Sikuinamisha kichwa.

Asante Yesu! Wateja niliowadanganya nimewaendea mmoja mmoja, nikaomba msamaha. Na wewe unayejichubua kwa siri, mtumaini Mungu aliyekupa rangi hiyo. Ukiogopa kwenda kwa daktari peke yako, nitafute mlangoni baada ya ibada. Kesho sifungui duka, nitakupeleka.