Vipepeo wa Michirizi na Dada Mkuu

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha vipepeo, mtafiti wetu mwandamizi, ambaye sote tunamwita Dada Mkuu, anastaafu. Amechoka, wala hafichi. Mgongo umechoka kuinamia meza, macho yamechoka na darubini, na masikio, asema mwenyewe, yamechoka na vikao.

Alianza akiwa msaidizi, akiwalisha viwavi majani ya mlimau na kusafisha vizimba. Alinukia majani hayo hata siku za mapumziko, mumewe akawa anamwita Limau. Wengi wetu tulijifunza kwake kumshika kipepeo bila kumpukutisha unga wa mabawa.

Ila atakumbukwa zaidi kwa vipepeo wa michirizi. Mwaka ule, chumba chetu cha kuzalishia kilitoa vipepeo wasio na madoa ya duara kama wazazi wao. Mabawa yalijaa michirizi mirefu myeusi. Mkurugenzi wa wakati huo akatangaza aina mpya, akaalika wageni, akaahidi kuipa jina la Dada Mkuu. Dada Mkuu mwenyewe alishampigia mama yake simu kumpa habari.

Kisha akagundua kwamba kiyoyozi, kilichokuwa kimetoka kutengenezwa, kilipuliza moja kwa moja kwenye rafu ya mapupa, yale maganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo. Akachukua mapupa ya uzao mmoja, mengine akayaweka penye joto, mengine penye baridi. Ya joto yakatoa madoa. Ya baridi yakatoa michirizi. Aina mpya haikuwapo.

Mumewe alimsihi anyamaze hadi sherehe ipite. Yeye akaenda kwa mkurugenzi.

“Wageni wako njiani, ndiyo unaniambia leo?”

“Ningejua jana, ningekuambia jana.”

Alisimama mbele ya wageni akaeleza yote. Baadhi waliondoka kabla ya chai. Cheo alichokitarajia akapewa mwingine. Usiku alilia, asubuhi alikuja kazini, akahamisha rafu. Tangu hapo, kitengo hiki kikisema jambo, watu huliamini, na sisi tuliobaki tunakula matunda ya siku ile.

Juzi tulimuuliza atafanya nini nyumbani. Akajibu kwamba atalala, na akiamka atalala tena.

Dada yetu, asante. Tunakutakia usingizi mnono na maisha mema. Simu za kazini usizipokee, hata zetu.